Chandarua Si Feki, Ni Sisi Tuliomzoesha Mbu Sumu

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu mbolea ya kukuzia, lakini nimebadilisha. Siku ya mnada mzee mmoja ninayemheshimu sana alinisimamisha mbele ya watu akasema: "Bibi shamba, hebu waambie wenzako wa serikalini waache kutuletea vyandarua feki. Mbu anatua juu yake, anapumzika, anajinyoosha, ndiyo anaanza kutafuta tundu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikawasha pikipiki kurudi nyumbani, na njiani kicheko kikaniisha. Katika maneno yake kuna jambo la kweli, na jambo hilo linanihusu mimi kuliko linavyomhusu mganga wa zahanati.

Mbu anatua na hafi. Hilo wengi wenu mmeliona kwa macho. Lakini chandarua unachopewa kliniki si feki. Sumu imo. Kilichobadilika ni mbu, na waliosaidia kumbadilisha ni mkulima, muuza pembejeo, na sisi mabwana na mabibi shamba tuliosimama katikati yao tukisema "piga dawa". Najua maneno haya yatawaudhi baadhi yenu. Someni kwanza, mtanitukana baadaye.

Tuanze na mdudu mwenyewe, maana wengi tunampiga vita bila kumjua. Malaria haiji na mvua, wala maembe, wala mahindi mabichi. Inaletwa na kimelea, na kimelea hicho hubebwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Ronald Ross alikiona ndani ya tumbo la mbu kule India mwaka 1897, kwa hiyo si habari mpya. Mbu dume hanyonyi damu kabisa. Jike hunyonya ili apate nguvu ya kutengeneza mayai, na hurudi kunyonya kila baada ya siku mbili au tatu.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Mbu hazaliwi na malaria. Anaichukua kwa mtu. Akimuuma mgonjwa leo, kesho hawezi kumwambukiza mwingine. Kimelea kinahitaji siku kama 10 hadi 14, kwa joto letu la huku, kukua ndani ya tumbo la mbu, kupenya na kufika kwenye mate yake. Ndipo mbu huyo anakuwa hatari. Mbu wengi hufa kabla ya kufikisha siku hizo. Anayekuletea malaria, kwa hiyo, ni mbu mzee, yule aliyepona kila kitu kwa wiki mbili au zaidi.

Ukishaelewa hilo, unaelewa kazi halisi ya chandarua. Si ukuta tu. Ni mtego. Mbu anakuja kukutafuta, anagusa sumu, anakufa kijana kabla kimelea hakijakomaa. Jirani yako asiye na chandarua naye ananufaika, kwa sababu mbu aliyekufa kwako hatafika kwake. Na mbu akishaizoea sumu, mtego umekufa, umebaki ukuta. Ukuta wenyewe ukiwa na tundu la kupitisha kidole gumba, basi mzee wangu wa mnadani ana haki ya kulalamika.

Sasa mbu aliizoea wapi?

Sumu ya kwenye vyandarua vingi ni ya kundi linaloitwa pairethroidi. Zimetengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, hili hili linalolimwa na wenzetu wa Iringa na Mbeya. Nenda kachukue chupa yoyote ya dawa ya wadudu uliyonayo nyumbani, ya nyanya, ya mahindi au ya tumbaku. Usisome jina kubwa la biashara. Soma maandishi madogo, pale palipoandikwa kiambato amilifu. Ukikuta jina linaloishia na herufi t-h-r-i-n, hiyo ni pairethroidi. Saipamethrini, lamda-saihalothrini, deltamethrini, zote ni ukoo mmoja. Deltamethrini utaikuta kwenye chandarua na utaikuta kwenye chupa ya dukani. Nimeangalia chupa za wakulima ninaowatembelea, na ile "thrin" nakutana nayo kila mara.

Fikiria sasa mwaka mzima wa mbu wa Katumba. Anataga kwenye maji yaliyotuama, mayai yanaanguliwa baada ya siku mbili tatu, viluwiluwi wanakua, na kwa siku 7 hadi 10 hivi, jua likiwa kali, mbu kamili anaruka. Maji hayo yako wapi? Pembeni ya bustani ya nyanya, kwenye kisima kifupi cha kumwagilia, kwenye mfereji wa majaruba, pale kijitoni unapooshea bomba lako la mgongoni. Sumu inafika hapo ikiwa imechuja. Haiwezi kuua wote. Inaua wale dhaifu, na wale wachache ambao miili yao inajua kuivunjavunja sumu wanabaki. Wanaozaana ni hao. Kizazi hadi kizazi, kwa wiki mbili tatu kila kizazi, mpaka jioni moja mjukuu wao anatua kwenye chandarua chako na kujinyoosha.

Huo ndio ufugaji tunaoufanya. Ng'ombe tunachagua mbegu nzuri, na mbu tunamchagulia mbegu nzuri vilevile, bila kujua.

Niwe mkweli, shamba si mkosaji pekee. Vyandarua vyenyewe, vikiwa na sumu ya kundi moja miaka na miaka, navyo vilimchuja mbu hivyo hivyo, na upuliziaji wa majumbani pia. Lakini chandarua kinaokoa mtoto wakati kinapofanya hivyo. Bomba lako la saipamethrini ulilopiga kwenye mahindi yasiyo na kiwavi limemwokoa nani?

Nasema hivyo kwa sababu naijua ratiba hiyo. Niliifundisha mimi. Kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini mwaka 2017 tulipata hofu, na kabla yake kantangaze alikuwa ameshamaliza nyanya za watu. Nikiwa mgeni kazini, na stashahada yangu bado inanukia wino, nilisimama mbele ya vikundi nikasema: kila baada ya siku saba, piga. Ni rahisi kufundisha. Mkulima anaipenda kwa sababu haina maswali, na muuza pembejeo anaipenda kwa sababu anazozijua mwenyewe. Kumbe ushauri wenyewe ulitakiwa uwe: kwanza hesabu.

Kwa mahindi machanga, tembea shambani, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea 20. Ukimaliza umekagua mimea 100. Kama iliyoshambuliwa haijafika 20, weka bomba chini. Okota viwavi kwa mkono, tia mchanga au majivu kwenye moyo wa mmea, kagua tena baada ya siku chache. Mahindi yakishatoa mbelewele, kupuliza kiwavi ni kuchoma hela. Na ukilazimika kupuliza, usirudie kundi lile lile la sumu msimu mzima. Njoo na chupa yako tuisome pamoja. Pima kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa kizibo cha jicho. Bomba lisuuzwe shambani, maji ya kusuuzia yapulizwe kwenye mazao hayo hayo. Kijitoni, hapana.

Niwape habari inayonitia moyo na kunitia hofu kwa pamoja. Kule Misungwi, Mwanza, watafiti walijaribu vyandarua vya aina mbalimbali kwa miaka miwili, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Mbu wa huko walikuwa wameshakuwa sugu kwa pairethroidi. Walipopima watoto mwishoni, kwenye vijiji vyenye vyandarua vya kawaida watoto kama 46 kati ya 100 walikuwa na vimelea. Kwenye vijiji vilivyopewa vyandarua vyenye sumu mbili, pairethroidi pamoja na klofenapiri, walikuwa kama 26. Tofauti hiyo ni watoto halisi. Lakini klofenapiri nayo ilianzia shambani. Ni sumu ya viwavi na utitiri. Ukiiona jina lake kwenye kibandiko dukani, usiishangae. Tukiichezea kama tulivyoichezea saipamethrini, basi hata hicho chandarua kipya tutakiita feki.

Na tusijidanganye kwamba muda upo. Vipimo vya kitaifa vya watoto wa chini ya miaka mitano vilionesha karibu 15 kati ya 100 wenye malaria mwaka 2015/16. Mwaka 2017 wakashuka hadi 7. Mwaka 2022 walikuwa 8. Tulikuwa tunateremka mlima vizuri, tumesimama.

Maji nitayasema kwa ufupi, maana nimeyaandika mara nyingi. Mashimo ya tofali. Tunachimba udongo wa nyumba na wa mabani ya tumbaku, tunachoma tofali, tunaondoka, Novemba mvua inajaza. Shimo la maji safi lenye jua ndilo anofelesi analolipenda. Ukitaka kuhakikisha, chukua kopo jeupe, chota. Kiluwiluwi wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Yule anayening'inia kichwa chini ni wa mbu wengine. Shimo lifukie, au lichimbe vizuri liwe bwawa la perege, ufyeke majani ya pembeni, samaki watakula viluwiluwi na wewe utakula samaki. Madimbwi madogo yamwage kila wiki, kabla ya siku zile saba. Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi bila kudhuru samaki wala ng'ombe. Ulizeni kwenye mkutano wa kijiji, ni haki yenu kuuliza. Kuhusu kukata mahindi karibu na nyumba: huko Ethiopia watafiti waliona viluwiluwi waliokula chavua ya mahindi hukua vizuri zaidi, ni kweli, lakini chavua hiyo inaliwa kwenye dimbwi. Usikate chakula chako ukaacha dimbwi.

Sasa nigeukie ninyi wa maduka, na hapa sitacheka.

Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24. Vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Ile ya pili inamezwa saa nane baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au karanga, ili dawa ifyonzwe mwilini. Vidonge vinane si dozi. "Nipimie vya mia tano" si dozi. Duka la dawa muhimu limepewa kibali kuuza dawa hizi baada ya mafunzo. Duka la sukari na sabuni halikupewa, na wewe unayeliendesha unajua hivyo ndiyo maana unaziweka chini ya kaunta.

Kinachotokea mwilini ni kile kile cha kijitoni. Kimelea kikiingia kwa kung'atwa na mbu, hukaa kwenye ini kama wiki moja bila dalili yoyote, kisha kinaingia kwenye damu, kinapasua chembe nyekundu na kuzaliana kila baada ya saa 48 hivi. Vidonge vya siku ya kwanza huua wengi sana, homa inashuka, mtu anajisikia mzima, anakwenda kupalilia. Waliobaki ni wale wagumu. Hao ndio wanaozaana upya, na hao ndio mbu wa usiku huo anaowachukua.

Wazee wanaikumbuka klorokwini na jinsi ilivyowasha mwili. Iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Ikaja SP, nayo haikudumu miaka kumi. Sera ikahamia dawa mseto mwaka 2006, na SP ikabaki kwa kinga ya wajawazito. Sasa Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wamekuta vimelea vinavyochelewa kuondoka kwenye damu mgonjwa akitumia dawa za jamii ya artemisini, ambayo ndiyo nusu ya dawa mseto. Wagonjwa bado wanapona, kwa sababu ile dawa ya pili iliyomo ndani inamalizia kazi. Inamalizia ikiwa umeimeza hadi mwisho.

Nina sababu ya kuandika kwa ukali hivi. Machi mwaka jana, mama mmoja ninayemtembelea, analima nyanya, watoto wake wawili walishikwa homa wiki moja. Mto ulikuwa umejaa, zahanati iko ng'ambo. Alinunua dukani dozi moja ya mtoto, akaigawa kwa wawili. Mkubwa alipona. Mdogo homa ilishuka siku mbili, ikarudi, akaishiwa damu, na walipomvusha mto ilikuwa jioni ya siku ya sita. Tulimzika kesho yake.

Nilipokwenda kumpa pole hakuniambia kwamba hakuwa na hela. Aliniambia, taratibu kabisa, kwamba hela aliitoa Jumatatu ile kununua chupa ya dawa ya nyanya, kwa sababu siku saba zilikuwa zimefika. "Ulisema tusipitishe siku, mwanangu." Sikumjibu. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba dozi nzima ingemwokoa yule mtoto. Ila chupa ile niliiona, ilikuwa imeegemezwa ukutani haijafunguliwa, na jina lake linaishia na thrin.

Kwa hiyo mtu akiniambia malaria ni kazi ya idara ya afya, siwezi kukubali tena. Nimekaa vikao vingi, katika kata zaidi ya moja, ambako mtu wa afya anasoma taarifa yake ya malaria, mtu wa kilimo anasoma taarifa yake ya viuatilifu, na hakuna aliyewahi kumgeukia mwenzake kumuuliza: sumu hizo ni za kundi gani? Mimi pia sikuuliza. Tunagawana mkulima kama nyama ya buchani, huyu achukue tumbo lake, huyu achukue shamba lake. Mbu hajui mipaka ya idara.

Na chandarua? Kitumie. Hata sumu ikipungua nguvu, ukuta mzima bado unamzuia mbu mzee asikufikie, na anofelesi wengi huuma usiku umelala. Kishone matundu. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini, jua kali linaharibu dawa. Kipya kisifunike kitalu wala banda la kuku. Mtoto akipata homa, apimwe kwanza, maana si kila homa ni malaria, na akikutwa nayo ameze dozi yake yote, peke yake. Akianza kutapika kila kitu, kulegea, degedege au weupe wa viganja, hapo dukani hapafai tena, ni kituoni, ya sindano, siku hiyo hiyo.

Jumatano nilikwenda shambani kwa yule mzee wa mnadani. Nilimkuta ameshachanganya bomba, yuko tayari kuingia kwenye mahindi. Nikamwomba anivumilie nusu saa. Tulisimama sehemu tano, tukahesabu mimea 100, yeye akihesabu kwa sauti na mimi nikiandika. Iliyoshambuliwa ilikuwa 11. Akaitazama daftari, akalitazama bomba.

"Sasa hii niliyokwisha kuichanganya, nikaimwage wapi?"

Tulikubaliana aimalizie kwenye ile mimea 11 na jirani zake, asisogee upande wa kijitoni. Nilikaa nikamwona akifanya hivyo. Kisha akaniletea ile chupa, tukasoma kibandiko pamoja, yeye akiwa ameishika mbali na macho kwa sababu miwani aliiacha nyumbani.